Wembamba wa reli, na kilicho chini yake

Mara ya kwanza kusikia maneno yale yakisemwa juu ya mama yangu nilikuwa na miaka tisa, nimesimama Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, na sado tupu mkononi. Zilikuwa siku za giza, ule muda ambao mwezi hauonekani na mitumbwi ya dagaa huingia ziwani na taa zake kila usiku, kwa hiyo mzigo ulikuwa umefurika: dagaa wa Ukerewe, dagaa wa Goziba, magunia yamepangwa kama kuta za nyumba. Mama alikuwa amenunua gunia moja lililoshindiliwa. Kuli mmoja akamtazama kuanzia kilemba mpaka kandambili, akacheka. "Mayu, gunia hili linakuzidi uzito. Nipe hela ya soda nikubebee."

Mama hakujibu. Alikunja kitenge akakifanya ngata, akachuchumaa, wanawake wawili wakamtwika. Akasimama. Shingo ilitetemeka kidogo, ikatulia, akaanza kutembea. Mmoja wa wale waliomtwika, akijifuta mikono kwenye kanga, akapaza sauti: "Usione wembamba wa reli!" Na watu waliokuwa karibu wakamalizia kwa pamoja: "Treni inapita juu yake!"

Nilimfuata nyuma nikiwa na kiburi cha mtoto ambaye mama yake ameshangiliwa sokoni. Tangu siku ile msemo ukawa wa kwetu. Waliponicheka shuleni kwa miguu yangu ya njiti, niliwajibu hivyo. Mdogo wangu wa kiume alipopangwa winga kwenye timu ya darasa, akawa anasukumwasukumwa na mabeki wenye miili ya watu wazima, tulimpigia kelele hiyo hiyo pembeni ya uwanja. Nyumbani kwetu Igogo haikuwa lazima hata kuumaliza. Ukisema tu "reli", kila mtu ameelewa kwamba anayezungumzwa ataweza.

Maana yake ya kawaida haina ugumu. Unaonywa usimpime mtu kwa umbo, kwa sababu ule ukanda wa chuma uliolala chini, ambao mtoto anaweza kuuruka bila kukimbia, ndio unaopitiwa na kichwa cha treni na mabehewa yake yote. Wapo waliouvuta kwenda kwenye utani wa chumbani, na ukiutafuta mitandaoni huenda hiyo ndiyo ukakutana nayo kwanza. Sikulelewa na maana hiyo, naiacha huko huko.

Una ndugu zake wengi katika lugha yetu. Usimwone simba kanyeshewa ukadhani ni paka. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Yote yanasema kuna nguvu usiyoiona. Lakini kadiri ninavyoyaweka pamoja ndivyo ninavyoona kwamba reli si wa ukoo ule hasa. Simba aliyelowa akijikung'uta maji, nguvu inayotoka ni yake, na nyama atakayoikamata ni yake. Reli inasifiwa kwa kupitiwa. Sifa yake nzima ni kwamba wengine wanapita juu yake nayo haisemi kitu. Niliutumia msemo huu zaidi ya miaka ishirini kabla sijayasikia sawasawa hayo maneno mawili ya mwisho, "juu yake".

Ni msemo mchanga pia, ukiulinganisha na methali za simba na fisi. Hauwezi kuizidi umri reli yenyewe. Tanga walianza kujenga ya kwao mwaka 1893, chini ya Wajerumani. Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914. Sisi wa Mwanza tulisubiri mpaka Waingereza walipoleta tawi kutoka Tabora, likafika ziwani mwaka 1928. Kabla ya hapo pamba na ngozi za huku zilipakiwa melini na kuvushwa hadi Kisumu, ambako reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika tangu 1901. Huwa nawafikiria wale waliokwenda kuitazama kwa mara ya kwanza: vyuma viwili vyembamba, vimeachana kwa meta moja tu, na kule mbali moshi unakuja. Lazima yuko aliyesema havitahimili.

Baba alikwenda machimbo ya Geita nikiwa darasa la tatu. Mwanzoni zilikuja hela, baadaye salamu, baadaye hakukuja kitu. Mama alibaki na sisi wanne katika vyumba viwili vya kupanga, na biashara yake ya dagaa iliyofuata mwezi: wiki za giza ananunua na kuanika, mbalamwezi ikiwaka anauza alichoweka. Alikuwa akisisitiza dagaa wa kichanja, waliokaushwa juu bila kugusa mchanga, hata kama wanamgharimu zaidi. "Mtu asitafune changarawe kwa hela yake," alikuwa akisema.

Bibi, mama yake mama, alipoanza kusahau majina ya watoto wake, kikao cha ukoo kilikaa Misungwi. Wajomba walikuwapo, mama wakubwa walikuwapo, wenye nyumba za kwao na ng'ombe zizini. Aliyepangiwa kuishi na bibi alikuwa mama. Namkumbuka mama mkubwa akisema, kwa mapenzi ya kweli na bila hila yoyote, "Huyu mdogo wetu ni wembamba wa reli. Yeye ataweza." Watu wakapiga makofi. Makofi! Na mama akainamisha kichwa kama mtu aliyepewa zawadi.

Ikawa hivyo kila mara. Binamu zetu wawili walipofaulu kwenda sekondari ya mjini, walifikia kwetu. Kwenye kikoba, mwanachama mmoja alipokimbia na mkopo na mdhamini wake akiwa mama, mama ndiye aliyelipa, na wenzake wakamsifu kwa jina lile lile. Simlaumu mtu nikajitoa mimi. Ada yangu ya chuo ilipopungua mwaka wa pili, mikopo haikutosha, nilimpigia simu usiku nikaanza kulia, na kabla hajasema lolote nikamwambia, "Mama, wewe hushindwi." Hela ilikuja siku ya nne. Sikuuliza imetoka wapi. Nimekuja kujua mwaka juzi tu kwamba aliuza cherehani ya bibi.

Ndivyo sifa hii inavyofanya kazi pasipo mtu kukusudia. Ukishaitwa reli mbele za watu, kusema "nimechoka" ni kuwaaibisha waliokusifu. Na aliyekusifu anaondoka na moyo mwepesi, kwa sababu amekupa kitu: amekupa jina. Mzigo hajaugusa.

Machi ya mwaka juzi mama alirudi kutoka Mwaloni, akakaa kibarazani avue viatu, na mkono wa kushoto ukakataa. Mdomo ukaenda upande. Ilikuwa kiharusi. Hospitalini daktari, kijana mpole, alituuliza presha ya mama imekuwa juu kwa muda gani. Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa amewahi kumpeleka kupima, na yeye mwenyewe hakuwa na habari. Daktari akatueleza kwamba presha inaweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi bila kumuuma popote, huku inachosha mishipa ya damu kidogo kidogo, hadi siku inapojionyesha. Watu walikuja kumwona kwa wingi, maana anapendwa. Karibu kila mmoja alimshika mkono na kumwambia, "Usijali mayu, wewe ni reli bwana, utainuka." Mama hakuweza kujibu, ulimi ulikuwa mzito. Chozi lilikuwa linashuka kwenye jicho moja, na sikujua kama ni uchungu au ni ule upande uliolegea. Nilitoka nje ya wodi nikasimama ukutani.

Kaka yake mama ndiye aliyekuja kukaa nasi tuliporuhusiwa. Mjomba alifanya kazi ya njia ya reli tangu kijana, akaanza kibarua wa genge, akastaafu mnyapara. Si mtu wa maneno. Jioni moja, mama amelala, akaniambia nivae viatu tutembee. Akanipeleka mpaka pale njia ya treni inapopita nyuma ya mtaa, akaniambia nimwonyeshe reli.

Nikaonyesha vyuma viwili.

"Hivyo ni vyuma," akasema. "Vitandaze juu ya udongo mtupu, ulete kichwa cha treni. Vitazama hapo hapo."

Akachutama, akapitisha kidole kwenye ile sehemu ya katikati ya chuma, shingo yake, iliyo nyembamba kuliko kidole gumba. Chuma hiki, akasema, kina kichwa juu, mguu mpana chini, na shingo katikati, na siri yake ya kwanza ni kwamba kimesimama. Fundi wa kenchi halazi ubao, anausimamisha ubavu wake wima, ndiyo maana mbao nyembamba zinabeba paa zima. Mpaka hapo msemo una haki yake: wembamba ule si udhaifu. Lakini gurudumu la treni, akaendelea, linagusa chuma mahali padogo kama sarafu. Tani kadhaa zimekaa juu ya sarafu. Chuma hakiwezi kukaa na uzito ule, kazi yake ni kuupokea na kuugawa. Kinaupa mataruma, ile mihimili iliyolala kukingama chini yake, na si taruma moja tu, ni hata yale ya jirani ambayo gurudumu halijayafikia. Taruma linazipa kokoto. Kokoto zinalipa tuta. Kwa hiyo mpaka unafika ardhini, uzito umetawanyika hata udongo unauvumilia.

Nilimuuliza kwa nini kokoto zina ncha kali hivi, zinaumiza hata kutembelea. Akaokota mbili akazigandamiza pamoja mkononi, hazikuteleza. "Za mviringo zingekimbiana," akasema. Akanionyesha nafasi kati ya taruma na taruma, yapata sentimeta 60 hadi 70. Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu: katika kilomita moja ni zaidi ya mataruma 1,400. Elfu moja na mia nne, na msemo wetu hauyataji.

Kisha akasimulia habari za genge. Watu wale walipewa kipande chao cha njia, na kazi yao ilikuwa kukitembea kwa miguu, nyundo begani, mvua na jua. Wakigonga kwenye viungio wanasikiliza. Kilichokaza kina sauti yake na kilicholegea kina sauti yake. Wanaingiza kokoto chini ya taruma lililodidimia, wanafungua mitaro maji yasilale, wanakata majani. Katika saa nzima ile sikumsikia hata mara moja akisema reli ni imara. Alikuwa anasema "imekaa vizuri" au "haijakaa vizuri".

"Unakumbuka Kilosa?" akaniuliza. Nilikumbuka kwa mbali. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliikata Reli ya Kati upande wa Kilosa na Gulwe, safari zikasimama. Maji yakilisomba tuta, akasema, vyuma vinabaki vinaning'inia hewani pamoja na mataruma yake, kama ngazi iliyolazwa juu ya korongo. Havikatiki. "Ukiviangalia ni vizima kabisa. Unaweza hata kuvisifia."

Akanyamaza muda mrefu. Treni haikupita, sijui kwa nini nilikuwa naitegemea. Halafu akasema jambo ambalo nadhani ndilo lililomtoa ndani ya nyumba jioni ile. "Siku ya kikao Misungwi, mimi nilipiga makofi. Wale wengine hawakuijua reli. Mimi nilikuwa naijua."

Baada ya hapo nilisoma kila nilichokipata kuhusu reli, kama mtu anayetafuta jina la ugonjwa. Mafundi wa chuma wana neno lile lile tunalolitumia sisi: uchovu. Chuma kinachopitiwa tena na tena huchoka, hata kama kila uzito mmoja mmoja kilikuwa na uwezo nao. Nyufa huanza zikiwa ndogo hata jicho lisizione. Hatfield, Uingereza, tarehe 17 Oktoba 2000, treni ya abiria ilipita juu ya reli yenye uchovu wa namna hiyo ikiwa katika mwendo mkali, na reli ile ikapasuka vipande zaidi ya 300. Watu 4 walikufa. Ilikuwa inajulikana kuwa sehemu ile inahitaji kubadilishwa, na treni zikaendelea kupita, kwa sababu jana zilipita.

Kwa sababu jana zilipita. Nilikisoma kisa kile nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha mama, na nikayaona magunia, bibi, binamu, kikoba, ada yangu, moja baada ya jingine.

Hata dagaa nikaanza kuwatazama kwa jicho jingine. Watu wa Mwaloni hupenda kusema dagaa naye ni reli, na wana sababu. Sangara alipopandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 alikula na kukua mpaka aina nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, zikatoweka. Dagaa, samaki wa urefu wa kidole, akabaki, na leo ndiye anayevuliwa kwa uzito mkubwa kuliko wote katika Ziwa Victoria. Lakini hakubaki kwa sababu dagaa mmoja ni mgumu. Dagaa mmoja ni tonge la sangara, halina mjadala. Wamebaki kwa sababu wanazaa mapema, wanazaa wengi, na wanatembea kwa makundi.

Na nikawakumbuka wale wanawake wawili. Nilikuwa nimeisimulia hadithi ya gunia mara nyingi sana, shuleni, chuoni, kwenye harusi yangu mwenyewe, na kila mara nilianzia pale mama anapoondoka. Nilikuwa nimewaruka waliomtwika. Kumbe aliyepaza sauti "Usione wembamba wa reli" alikuwa mmoja wao! Mikono yake bado ilikuwa na vumbi la lile gunia. Yeye alikuwa na haki ya kuusema msemo ule, maana alikuwa ameshafanya kazi ya taruma kabla ya kufungua mdomo. Sisi wengine tuliokota maneno tukaacha mikono.

Tuliitisha kikao chetu wenyewe. Hakikwenda vizuri sana, kulikuwa na maneno. Bibi alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kilichobaki ni watoto wa watu na madeni. Mama mkubwa alilia, akamchukua mjukuu wake aliyekuwa anaishi kwetu. Mdogo wangu, yule winga, sasa ndiye anayekwenda Mwaloni. Dawa za presha nanunua mimi, na kila mwezi mmoja wetu anampeleka mama kupima, si kumtumia nauli aende. Mjomba ndiye mkali wa hilo. Anapiga simu kuuliza, "Mmeitembea njia?"

Nilidhani mama atafurahi. Siku moja nilimwambia, kwa majivuno ya mtu aliyesoma, kwamba nimeuchukia msemo ule na sitaki tena mtu amwite reli. Alikuwa anaokota mchele kwa mkono wake wa kulia. Akaniangalia.

"Ulitaka waniite nini?" akasema, maneno yakitoka polepole. "Nimetembea na mzigo miaka yote hiyo. Hilo jina ndilo nililopata."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja kumwondolea uzito, na nilichokuwa nakiondoa ni kitu pekee katika yote kilichokuwa chake.

Siku hizi nikipita Fela, ambako wanajenga reli mpya ya kwenda Isaka, ile iliyowekewa jiwe la msingi Juni 2021, siangalii vyuma. Najua ni vinene kuliko vya zamani, kilo 60 kwa kila meta, na vimeachana kwa milimeta 1,435. Naangalia chini yake, mataruma ya zege na kokoto zilizoshindiliwa, na nawatazama wale vijana waliovaa vizibao vya rangi wakiinama.

Agosti iliyopita nilimpeleka binti yangu Igogo kwa likizo. Ana miaka minane na miguu yake ni ile ile ya ukoo. Maji yalikuwa ya mgao, akaenda na wenzake bombani, akarudi na ndoo ya lita 20 kichwani, imejaa. Mama alikuwa kibarazani. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akamwona mtoto anavyoyumba halafu anajiweka sawa, akaita kwa furaha kutoka ng'ambo ya ua, "Ebu ona! Usione wembamba wa reli!"

Mtoto akanyoosha shingo. Naijua shingo ile.

"Treni inapita juu yake," mama akamalizia, kwa ulimi wake mzito, kama inavyotakiwa kumaliziwa. Kisha akajishika kwenye nguzo akainuka, akavaa kandambili moja, ya pili ikamshinda akaiacha, akateremka uani. "Tua," akamwambia mjukuu wake. Nikamsaidia mtoto kutua. Mama akaukamata mkono wa ndoo kwa mkono wa kulia. "Shika huku na wewe."

Wakaenda nayo hivyo mpaka jikoni, mmoja mfupi mmoja mrefu, ndoo imeinamia upande wa mtoto, maji yanamwagikia mguu.